MJADALA: Kazi ya kuandika programu, tudai shahada au tudai nini?

Mleta mada:
Wakuu, heshima zenu. Matangazo ya Ofisa TEHAMA yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira ya serikali ya Tanzania hudai shahada ya sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu au fani zinazofanana nazo. Aliyejisomea mwenyewe anaishia hapo, hata awe na programu inayotumika na maduka ya mtaa mzima. Mimi nasema sharti hilo liondoke, mwombaji apewe kazi aifanye mbele ya wanaoijua.

Shahada ninayo, kwa hiyo sisemi kwa wivu. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilipewa sehemu ya malipo. Nikaandika: mteja akibonyeza "Lipa", kata pesa, rekodi, mtumie ujumbe. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri kabisa. Jioni moja mtandao ukasuasua, jibu likachelewa, mama mmoja wa duka akabonyeza tena. Akakatwa shilingi 40,000 mara mbili.

Dada aliyekuwa akinisimamia hakunifokea. Alivuta kiti akaniuliza, "Seva itajuaje kwamba hili ni ombi lile lile, si jipya?" Sikuwa na jibu. Tukaandika pamoja: simu itengeneze namba ya muamala kabla ya kutuma, na ombi likirudi na namba ile ile, seva isikate tena, irudishe jibu la mwanzo. Kisha akaniongezea sharti kwenye kanzidata kwamba namba hiyo isijirudie, maana maombi mawili yanaweza kufika kwa pamoja na kila moja likadhani ndilo la kwanza. Haikuzidi mistari ishirini. Chuoni somo la miamala nililifaulu, lakini swali lile sikuwahi kujiuliza.

Mhadhiri:
Mkuu, kisa chako kinanitetea mimi. Ulimwelewa huyo dada kwa jioni moja kwa sababu msingi ulikuwa nao. Vijana wa kozi za miezi michache wengi wanajua lugha moja na zana moja. Waulize kwa nini kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 inatoa 0.30000000000000004, kisha uone wangapi wangethubutu kuhifadhi pesa za watu kwenye namba za desimali za kawaida. Tukiondoa shahada, tunafungulia mlango wababaishaji.

Dada wa Arusha, amejisomea:
Mwalimu, shikamoo. Nakuheshimu, ila msingi hauko chuoni peke yake. Somo la CS50 la Harvard analofundisha David Malan liko bure mtandaoni. Nililisoma kwa bando la usiku, nikarudia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta mara tatu hadi ikaniingia. Swali lako la 0.1 nalijibu: kompyuta inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa mfumo huo, kama theluthi isivyoisha kwenye desimali. Pesa nahifadhi kwa namba kamili. Mimi mkopo nilikosa, ada nyumbani haikuwepo. Mnaposema shahada, kumbukeni mnamfungia nani.

Mleta mada:
Dada, umejibu vizuri, na Mwalimu, msingi siupuuzi hata kidogo. Lakini wote wawili mmeruka nafasi ya kwanza ya kazi, na hapo ndipo vijana wanapokwama. Andela, kampuni inayowaunganisha waandika programu wa Afrika na wateja wa nje, ilianza 2014 kwa kuwachukua vijana wachanga kazini na kuwafundisha. Septemba 2019 ikatangaza kuwapunguza takriban 400, Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walitaka wazoefu. Wale walikuwa wamefundishwa vizuri na bado soko likawakataa. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, hata vile vikazi vidogo tulivyojifunzia vinapewa mashine. Hili linaniumiza kweli. Bila mtu kukuvutia kiti, uzoefu utaupata wapi?

Mwenye kampuni ndogo:
Kaka, tuko watu sita. Mchanga mmoja ananilia saa mbili za mzoefu kila siku. Akishaiva, benki inamchukua, au mtu wa nje anayelipa kwa dola. Hasara hiyo nimeibeba mara mbili na sitaki tena.

Mleta mada:
Una haki ya kulalamika. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza stadi, na hizo benki zimo. Uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini, tayari upo kwa mafundi magari na wahudumu wa hoteli. Sehemu ya tozo ilipe nusu ya mshahara wa mwandika programu mchanga mwaka wa kwanza, na fedha ije kwa mwenye kampuni ndogo anayemfundisha.

Mwenye kampuni ndogo:
Kwa mpango huo nachukua wawili. Lakini waje na nini mkononi, kama si cheti?

Mleta mada:
Programu moja, ndogo, inayotumiwa na mtu asiye ndugu yake. Aweke historia yote ya programu hiyo kwenye Git, zana inayotunza kila badiliko la programu, pamoja na siku alizokosea. Kaa naye, fungua mstari wowote akueleze kwa nini upo, hata kama mashine ndiyo iliyomwandikia. Halafu muulize: mtandao ukikatika katikati ya malipo, programu yako inafanya nini?