Binti yangu wa gredi 8 ameshuka vibaya: nimtafutie tuisheni ama nimhamishe shule?

NyarNyakach
Hamjambo wana jukwaa. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Obunga hapa Kisumu. Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka 14, yuko gredi 8 shule ya kutwa ya serikali. Hadi gredi 6 ripoti yake ilikuwa "kuzidi matarajio" karibu kila somo, na mwalimu wa hesabu alikuwa anamtoa mbele awaonyeshe wenzake. Muhula uliopita ameleta "chini ya matarajio" masomo sita. Sita! Nikimwuliza ananyamaza. Nilimchapa mara moja na bado najuta. Nimtafutie tuisheni, nimhamishe, ama kuna watoto ambao kichwa chao hufika mwisho mapema? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi.

Omosh_Pikipiki
Pole mama. Miaka 14, angalia simu na angalia vijana. Hapo Kondele naona wasichana wa shule saa nne asubuhi wakiwa na sare, wanazunguka tu. Simsemi wako, lakini fungua macho.

Shabiki_Sugu
Hesabu iliharibika siku walipoleta herufi katikati ya nambari. Hata mimi niliteremkia kituo hicho 😂

Tabitha_wa_Lanet
Dada, tuisheni inafanya kazi. Wangu hapa Nakuru alikuwa hajui sehemu wala desimali, nikamchukulia mwalimu wa kuja nyumbani, 1,500 kwa mwezi. Nilijinyima, nguo ya Krismasi sikununua miaka miwili. Leo yuko chuo. Mzazi akitaka anaweza, na usisahau maombi.

Mwalimu_wa_Junia
Nafundisha gredi 7 na 8, si mbali na wewe. Kabla ya tuisheni nina maswali mawili. Muhula huu amekosa siku ngapi? Na kwa nini kabla ya Jumamosi?

NyarNyakach
Asante mwalimu. Anaenda shule. Anakosa siku mojamoja kama watoto wote. Jumamosi ndiyo siku napata nafasi tu.

Mwalimu_wa_Junia
Mama, ngapi? Siulizi kwa ubaya. Mtoto aliyekuwa juu akiporomoka ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi rejista imeshaniambia kabla ya mtihani.

NyarNyakach
Sawa. Mimi nakaanga mgongo wazi. Mbuta ikifika kiwandani wanachukua minofu yao, sisi tunanunua kichwa na mifupa. Jumatatu na Alhamisi lazima niwe pale alfajiri, ukichelewa unapata iliyoharibika. Siku hizo mbili yeye anabaki na kitinda mimba wangu, ana miezi minane. Halafu kuna pesa ya karatasi za mtihani, 200. Asiyekuwa nayo anarudishwa langoni. Hizo siku sijahesabu. Na wanasema shule ni bure.

Mwalimu_wa_Junia
Asante kwa kusema. Kwa maandishi, serikali inatoa shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa junia (gredi 7 hadi 9) na 1,420 kwa yule wa msingi. Pesa ikichelewa, shule inamgeukia mzazi. Nimewahi kupewa ile orodha nisimame nayo langoni, na mtoto anakuangalia usoni. Kumrudisha nyumbani si haki na shule inajua.

Lakini siku mbili kila wiki ni karibu nusu ya masomo. Hesabu ni kama ngazi, mtoto akikosa hatua ya Jumatatu, ile ya Jumanne anaiona tu kwa mbali, kisha anaanza kuamini yeye ni mjinga. Na gredi 8 inahesabiwa: kwenda gredi 10, asilimia 20 inatoka mtihani wa gredi 6, 20 tathmini za shuleni za gredi 7 na 8, na 60 mtihani wa gredi 9. Sasa, Jumamosi kuna nini?

NyarNyakach
Anaenda Eldoret.

Kuna mama tuliunganishwa kanisani, ana pacha, anataka msichana wa kumsaidia. Ana nyumba ya stima, watoto wanakula mara tatu. Amesema Januari atamwingiza shule ya huko. Alinitumia 5,000 nikalipa kodi ya miezi miwili, mwenye nyumba alikuwa ameshatoa mlango. Msinihukumu. Hapa anasoma na koroboi, na siku nyingine analala na chai ya rangi. Huko angalau atashiba. Na kama kichwa kimekataa, anapoteza nini?

Dada_Sabatia
Kumbe! Uliuliza tuisheni na nauli imeshakatwa. Katiba ibara ya 53 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na bila malipo, si ya lazima kwa wenye pesa peke yao. Huyo ni mtoto, si mjakazi. Mtu yeyote anayemjua apige 116, namba ya msaada wa watoto, ni bure.

NyarNyakach
116 italipa kodi?

Mzee_Kaptembwo
Tusimkanyage mama wa watu. Masomo hayazeeki. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza hukohuko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Msichana anaweza kurudi baadaye.

Rudi_2003
Mzee, kwa heshima zote, Maruge alingoja hadi akawa babu. Mimi nilipelekwa kulea watoto Nakuru nikiwa na miaka 12, na Januari niliyoahidiwa ilipita mara nne. Elimu ya bure ilipotangazwa 2003 nilitoroka, nikarudi darasa la 5 na miaka 16, magoti hayaingii chini ya dawati. Nilimaliza la nane, basi. Sikuwa mjinga, nilikuwa nimechelewa na nilikuwa na aibu. Mama, wewe ulitaka tukuambie mtoto hana kichwa, ili Jumamosi umsindikize roho ikiwa safi. Mimi sitakuambia hivyo.

Mchunguzi_Huru
Ngojeni kidogo. Akaunti imefunguliwa juzi. Mtu anayekosa 200 ya mtihani ana bando la kuandika yote haya? Na hadithi yenyewe ina shimo: msichana anakosa shule kwa sababu analinda mtoto. Akienda Eldoret, huyo mtoto wa miezi minane atalindwa na nani? Hapa kuna mtu anatunga, kesho ataweka namba ya kutumiwa pesa.

Shabiki_Sugu
Hata mimi nilinusa. Kesi imefungwa.

Omosh_Pikipiki
Sasa tunaliwa akili hivi?

NyarNyakach
Bando ni ya shilingi 20, inaisha saa hii. Sijaomba pesa ya mtu.

Atalindwa na anayemfuata. Ana miaka 10, yuko gredi 4.

Mwalimu_wa_Junia
Mama.

NyarNyakach
Najua. Nimeiandika ndiyo nimeiona.

Na kuna kingine sijasema. Wenzake wanamwita Mgongo Wazi. Tunalala chumba kimoja, sare inatundikwa msumari uleule juu ya karai na mafuta, anaingia darasani ananuka moshi na samaki. Akahamia dawati la nyuma dirishani, peke yake. Aliniambia jana tu. Kwa hiyo hata siku anazoenda, ubao hauoni vizuri.

Mtoto_wa_Obunga
Mchunguzi, nimezaliwa hapo. Jina hilo niliitwa hata mimi. Mtu hatungi msumari na karai.

Mama, nakuambia alichofanya mama yangu, maana hakuwa na pesa kukushinda. Sare yangu haikulala nyumbani kwetu. Ilikaa kwa nyanya mmoja jirani, nikitoka kuoga naenda kuivalia kwake. Mdogo wangu pia alibaki kwa huyo nyanya siku za samaki, na hakulipwa hela. Mama alimtengea vichwa viwili kila mara kabla hajauza kimoja. Hivyo tu. Walinicheka bado, siwezi kudanganya, lakini nilirudi dawati la mbele.

Tabitha_wa_Lanet
Dada, niliandika kuhusu tuisheni kabla sijakuelewa. Nisamehe.

Mwalimu_wa_Junia
Kwa pesa ya karatasi, usimtume mtoto. Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, useme huna, uombe kulipa kidogokidogo. Ni vigumu kumfukuza mtu mzima aliyesimama mlangoni. Na mwombe mwalimu wa darasa amsogeze mbele bila kumtangaza. Masomo aliyokosa, asianze na yote. Aanze na hesabu za gredi 7, nusu saa mchana kukiwa bado na mwanga.

Mchunguzi_Huru
Nimesoma tena. Nilikosea, mama. Ile 5,000 je?

NyarNyakach
(Ijumaa usiku)
Nimempigia mama wa Eldoret. Amekasirika sana, anataka pesa yake mwisho wa mwezi. Ninayo 700. Sijui nitaitoa wapi na siombi hapa.

Begi lake nimelifungua. Sare nimeifua mara mbili kwa majivu na ndimu, nikaipeleka kwa nyanya wa plot ya pili. Binti hakusema kitu. Aliniuliza tu Jumatatu nani atabaki na mtoto, nikamwambia nyanya. Akauliza kama nimeshamlipa. Nikamwonyesha vichwa viwili nilivyovifunika kwa sahani.