MREJESHO: Kupima mkazo kwenye seramiki ya mapanga ya tabaini

Wakuu, niliuliza hapa unajuaje seramiki iliyopakwa kwenye mapanga ya tabaini ya injini ya ndege imebanwa kiasi gani bila kuivunja. Nimepata jibu, asanteni sana hasa mliosema nianze na kromi.

Iko hivi, chini ya ile zirkonia (ndiyo seramiki yenyewe) joto linaotesha utando mwembamba wa alumina, yaani oksidi ya alumini, ndani yake mna madini ya kromi kidogo sana kama kwenye rubi. Ukiupiga leza ya kijani unatoa mwanga mwekundu wenye mistari miwili, nanomita 694.3 na 692.9 hivi. Alumina ikibanwa mistari inasogea kwenye mawimbi marefu, ikivutwa inaenda upande wa pili, yaani unasoma mkazo kwa rangi tu! Nimeona kilele cha mstari kikihama kwenye skrini, kidogo mno lakini kinahama kweli, nilifurahi jamani.

Njia nyingine ni eksirei, zenyewe zinapima nafasi kati ya safu za atomi, nafasi ikibadilika pembe ya miale nayo inabadilika. Kupenya kipande kizima kikiwa cha moto unahitaji sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali sana, kama ule wa maabara ya Argonne kule Illinois, Marekani. Mi naona zitumike zote mbili, maana mwanga unasoma utando, eksirei zinasoma na zirkonia.

Sasa anayejua utando unaanza kubanduka vipi aniambie.