Mdogo wangu kachaguliwa udaktari na uuguzi, mzee anapiga hesabu ya mshahara tu. Nisaidieni

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Amepata udaktari chuo binafsi, ada zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, na uuguzi chuo cha serikali, ada nafuu sana. Lazima athibitishe kimoja wiki hii.

Mzee wetu, mwalimu mstaafu, amechora mstari katikati ya ukurasa wa daftari: kushoto mshahara wa daktari, kulia wa muuguzi. Anasema tofauti hiyo itarudisha ada. Mlipaji ni mimi, nina duka la vipuri Mbeya, na mkopo hatuna uhakika nao. Nifanyeje?

Daktari wa Zamu: Pole kaka. Udaktari ni miaka 5 darasani, kisha mwaka mzima wa intani (mafunzo ya kazi hospitalini) kwa posho. Mimi baada ya hapo nilikaa karibu miaka miwili nikituma maombi ya kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, huku nashika zamu za usiku kwenye zahanati ya mtu, nalipwa kwa zamu. Mzee aanze kuhesabu mshahara kuanzia mwaka wa nane, si wa sita.

Nesi Mkuu: Lakini msimdanganye kwamba uuguzi ni njia ya mkato. Shahada yake ni miaka 4, na intani ipo vilevile. Tofauti ya muda ni mwaka mmoja tu. Kinachowatenganisha hapo ni ada, na hiyo ni pesa ya duka lako.

Mhasibu wa Kihesa: Akipata mkopo, mzee aongeze mstari mwingine. Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Kwa mshahara wa 800,000, hiyo ni 120,000 kila mwezi, kabla hujagusa kodi, mfuko wa pensheni na bima. Ashike kinachobaki mkononi.

Mama Wawili: Mbona hakuna aliyeuliza binti mwenyewe anataka nini?

Mleta uzi: Mama, umenigusa. Mbele ya mzee alisema udaktari, kwa sauti ya chini. Leo nimemkuta jikoni nikamuuliza tena. Akaacha kukatakata nyanya, akasema alipomuuguza bibi wodini wiki tatu, daktari alipita asubuhi akaondoka. Aliyemgeuza bibi usiku ili asipate vidonda ni nesi. Anataka hiyo kazi. Alikuwa anaogopa mzee ataona amejishusha.

Nesi Mkuu: Basi mwambie mzee kwamba akishapata shahada anaweza kusoma uzamili, wakunga na wauguzi bingwa wapo. Hajajishusha.

Mleta uzi: Asanteni sana. Kesho baada ya swala ya alfajiri nakaa naye na daftari lake, naongeza ile miaka na ile 15%. Binti atakuwepo, na ataanza kuongea yeye.