Kuvua na watoto likizo hii: Kalangala, Bunyonyi au Mburo?

BabaWawili_Ntinda
Habari zenu ndugu. Shule zinakaribia kufunga na nimewaahidi watoto (miaka 11 na 7) kwamba safari hii tunakwenda kuvua wenyewe, si kusimama mwaloni kutazama wengine wakivuta nyavu. Mama yao ana masharti mawili: choo safi, na kiboko asionekane karibu na mtoto. Tunatoka Kampala na gari dogo, siku tatu tu. Nimebaki na majina matatu: Kalangala kule visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, Ziwa Bunyonyi, na Ziwa Mburo. Vifaa ni mishipi na ndoano, mashua sina. Aliyepeleka familia aniambie, samaki wanashika kweli?

Mvuvi_Kigungu
Ukitaka samaki, Kalangala. Mengine ni mandhari.

Ila ujue kwanza unamvua nani. Sangara, yaani mputa, si samaki wa mtoto. Anataka mashua ya injini, chambo hai au kile cha bandia kinachokokotwa nyuma, na mkubwa wake anamzidi uzito mwanao wa miaka saba. Wa watoto ni sato, ngege wetu. Ndoano ndogo, mnyoo, chubwi kidogo (kizito cha kuzamisha ndoano) na kipande cha boya juu ili mtoto aone kikizama. Hakai mbali, utamkuta kando ya matete na penye mawe. Asubuhi mapema na jua likianza kushuka ndiyo saa zake. Mchana wapeni watoto kuogelea au kulala, maana hapo mtapigana bure.

Usafiri sasa. MV Kalangala kwa ratiba yake ya kawaida inang'oa nanga Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, inachukua kama saa tatu na nusu, na kurudi ni asubuhi saa mbili. Piga hesabu: siku zako tatu zimegeuka siku moja kamili. Kwa gari ni heri upitie Masaka mpaka Bukakata, uvuke na feri ya bure hadi Luku. Kuvuka kwenyewe ni kufupi, foleni ndiyo inayokula muda, hasa wikendi.

MamaNasra_Bombo
Mvuvi kasema ya samaki, mimi naongeza ya roho za watoto. Ziwa Victoria si bwawa. MV Templar ilizama Novemba 2018 upande wa Mukono, karibu kabisa na ufuo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi na wengi hawakuvaa maboya. Kwa hiyo baba, usipande mashua ambayo mwenye nayo anakutolea boya la mtu mzima na kukwambia "litamtosha tu, likazeni". Halimtoshi. Mtoto akianguka majini linamtoka kichwani. Nunueni ya kwenu ya saizi yao kabla ya kuondoka.

Halafu kichocho. Konokono wake wanakaa palepale kwenye matete anapokaa sato wa Mvuvi. Vueni kutoka gatini au juu ya mawe, miguu isishinde majini. Mkirudi, baada ya wiki kadhaa wapelekeni kupimwa. Dawa ipo na ni rahisi, kinachoumiza watu ni kukaa nayo miaka bila kujua.

Kasese_Kwetu
Mburo mimi naipenda sana. Pundamilia na swala utawaona na hakuna hifadhi ya mbuga iliyo karibu zaidi na Kampala. Lakini kwa sharti la mama watoto imekwisha anguka! Ziwa lina viboko na lina mamba. Kuvua kwenyewe ni kwa kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori, mahali palipotengwa pa Mazinga, juu ya kiingilio cha hifadhi. Nenda ukatembee na boti na mgambo, mishipi iache nyumbani.

Kwetu huku ni hivyohivyo. Mfereji wa Kazinga umejaa viboko. Na asije mtu akakutuma ziwa la Katwe, lile ni la chumvi, samaki unaowala pale mjini wanatoka Ziwa Edward.

Mkiga_wa_Mjini
Bunyonyi mnairuka kama haipo? Hakuna kiboko, hakuna mamba. Visiwa 29, mitumbwi ya gogo, na watoto watajifunza kupiga kasia. Mtumbwi wa gogo unazunguka mahali pamoja mpaka uujue, watacheka siku nzima.

Samaki, kusema kweli, ni wachache na wadogo. Kinachopatikana ni kamba wa maji baridi, wale walioletwa zamani, asili yao Marekani. Wanategwa kwa vikapu. Unateremsha jioni, asubuhi unainua, na kwa mtoto kuinua kikapu asichojua kina nini ni raha kuliko kukodolea boya macho. Halafu unakula na viazi. Beba masweta, ziwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Na mshike mtoto mkono ufuoni, kingo zinashuka ghafla.

BabaWawili_Ntinda
Asanteni. Mburo imetoka. Bunyonyi inanivuta, ila Kabale ni zaidi ya kilomita 400 na huyu mdogo hutapika garini. Hakuna kitu kati ya hapa na huko?

Nalongo_Masaka
Ssebo, unapita mlangoni kwetu unakwenda kutafuta mbali! Nabugabo. Masaka ni kama kilomita 130 tu, kisha unashika njia ya Bukakata na kukata kando. Ni ziwa dogo lililotengwa na Victoria kwa ukingo wa mchanga tangu maelfu ya miaka, kwa hiyo mawimbi yake si yale ya kutisha. Ufuo ni mchanga, unashuka polepole, na watu wamekuwa wakiogelea hapo miaka yote. Husemwa kwamba kichocho hakipo, lakini wangu nawapima vilevile, MamaNasra asinigombeze. Vyumba vya kulala vipo, omba kuona choo kabla hujalipa.

Kama nyinyi ni wa ukoo wa Mamba (kwa Kiganda mamba ndiye kamongo, na wenye ukoo huo hawamli), kamongo akishika mrudisheni majini kabla bibi hajasikia.

Mvuvi_Kigungu
Nabugabo sato wake ni wadogo, nawaambia mapema msije kulalamika. Na wadogo warudisheni. Mwaka 2017 wanajeshi wa kulinda uvuvi walipelekwa maziwani na hawakucheka na samaki wachanga. Sangara chini ya inchi 20 si halali. Popote uendapo, fika kwanza mwaloni umuulize ofisa wa uvuvi, mwambie ni watoto na mishipi. Neti usiguse.

MamaNasra_Bombo
Mvuvi, huyu wa miaka saba akipata samaki wa kidole atamkumbuka mpaka aoe. Wa kilo mbili ni wako wewe.

Mvuvi_Kigungu
Hapo umenishinda, mama.

BabaWawili_Ntinda
Basi Nabugabo siku mbili. Ya tatu, wakiamka na nguvu, tunashuka Bukakata tuvuke kwenda Luku na kurudi, watoto waone feri. Maboya nanunua kesho. Swali la mwisho: minyoo nainunua wapi?

Nalongo_Masaka
Minyoo kununua? Mwombe mwenye shamba lolote la matooke, chimba penye maganda yaliyooza, uiweke kwenye kopo pamoja na udongo wake. Usisahau kutoboa kifuniko. Na usiiache garini juani, mkeo atakushusha njiani Lukaya.