Naomba ushauri: tsuba yangu ni ya kufua au ya kusubu?

Habari zenu wakuu. Nipo Kyoto kimasomo. Tarehe 21, siku ya gulio la kila mwezi pale hekalu la Toji, nilinunua tsuba ya chuma, kile kisahani kinachokaa kati ya mpini na ubapa wa upanga wa Kijapani kukinga mkono. Tangu samurai walipokatazwa kubeba panga hadharani mwaka 1876, nyingi zimebaki hivi, bila panga zake.

Ni ya duara, upana sentimita 7.8, imetobolewa umbo la korongo wawili. Rangi ndiyo iliyoniteka: weusi wenye uzambarau wa bilinganya. Ukingoni napapasa vinundu vigumu, laini, vinavyong'aa kidogo. Wajapani huviita tekkotsu, yaani mifupa ya chuma, na wanavithamini sana. Tundu la katikati limepachikwa shaba nyekundu, kama ilivyofanywa ili tsuba ikae sawa kwenye upanga.

Wasiwasi wangu uko ndani ya matobo. Kwenye bawa moja kuna mstari mwembamba ulionyooka. Ya kusubu, yaani ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, huacha mshono wa kalibu hapo hapo; ya kufua, yaani ya chuma kilichopigwa kwa nyundo, huonyesha mikwaruzo ya tupa. Mnautofautishaje kwa jicho?

Pili, mgongoni ina kutu nyekundu. Msasa na tindikali siguso kabisa, ila nasikia husuguliwa taratibu kwa kipande cha pembe ya kulungu, kisha kitambaa cha pamba. Aliyewahi kufanya hivyo anieleze alianzaje, nisije nikakwangua ule weusi.