MJADALA: Uwanja wa ndege ambao bila treni hufiki kwenye ndege yako. Ni maendeleo au ni mtego?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Naileta hapa kwa sababu tumebishana na shemeji yangu kwenye simu mpaka bando likaisha.

Uwanja wa Denver, Marekani, ulifunguliwa Februari 1995. Jengo kuu la abiria liko peke yake. Mageti yako kwenye majengo matatu, A, B na C, yaliyopangwa mbele yake kama mistari ya daftari, na ndege zinapita katikati. Ukimaliza ukaguzi unashuka chini ya ardhi, unapanda treni fupi isiyo na dereva, inakufikisha. Daraja la miguu lipo, ila linaishia A. Mwenye ndege ya B au C hana njia ya kutembea. Treni ikigoma, na yeye amegoma. Mwaka 2024 walipita pale abiria zaidi ya milioni 80, wakati kiwanja kilichorwa kwa milioni 50.

Atlanta wana treni ya namna hiyo hiyo tangu 1980, lakini humo humo chini, sambamba na treni, walichimba na njia ya miguu, mkanda unaotembea katikati na sakafu ya kawaida pembeni. Unachagua mwenyewe.

Mimi nasema Denver walikosea, na kiwanja chochote kinachojengwa leo kisipewe treni hizi bila njia ya miguu pembeni. Shemeji ananiita mshamba: treni kila baada ya dakika mbili tatu, nani atatembea? Karibuni, ila tusitukanane.

FundiReli
Mkuu, unaongea kana kwamba hiki kitu kimeletwa jana. Tampa walianza mwaka 1971, Seattle 1973. Nusu karne! Gari lenyewe ni jepesi, linakwenda kwa tairi za mpira juu ya zege, umeme linauchukua kwenye reli maalumu iliyo njiani. Jukwaa lina ukuta wenye milango yake, na milango hiyo inafunguka pamoja na ya behewa, kwa hiyo hakuna wa kudondokea njiani. Kompyuta inajua kila gari liko wapi na inayaachanisha. Haina hangova, haichati na mpenzi wake ikiwa kwenye usukani.

Halafu upana wa handaki ni pesa. Unataka watu wachimbe mara mbili kwa ajili ya siku moja mbovu kwa mwaka?

Na kama hujawahi kupanda ile ya Denver, ukutani mwa handaki kuna vititia vya chuma 5,280, kama vile watoto wanavyokimbia navyo barabarani. Treni ikipita, upepo wake unavizungusha vyote. Hiyo 5,280 ni idadi ya futi katika maili moja, kwa sababu mji wenyewe uko maili moja juu ya usawa wa bahari. Kutembea kungekunyima hiyo.

MzeeWaMizigo
Kijana, Denver hiyo hiyo ndiyo ingekufundisha. Kiwanja kilikuwa kifunguliwe Oktoba 1993. Kilichokichelewesha mpaka 1995 zaidi ya kitu kingine ni mtambo wa kupeleka mizigo unaojiendesha wenyewe, vigari vidogo vinakimbia kwenye reli chini ya ardhi bila mtu. Mwaka 1994 wakawaita waandishi wa habari waje kuuona. Wakaona mabegi yanarushwa, yanapasuka, nguo zinatawanyika kwenye reli. Mwisho wa yote, mwaka 2005, wakauzima kabisa, wakarudi kwenye trekta na vijana wa kupakia.

Mimi nimepakia mizigo miaka mingi, nakwambia hivi: begi lilipokwama lilikuwa na trekta la kulisubiri. Abiria wa jengo C trekta lake liko wapi?

FundiReli
Mzee wangu, heshima yako, lakini huo si mfano. Ule wa mizigo ulikuwa na maelfu ya vigari, na kila kimoja kinapangiwa njia yake. Treni ni magari machache yanayokwenda mbele na kurudi. Ugumu haulingani hata kidogo.

MzeeWaMizigo
Sijasema unalingana. Nimeuliza trekta liko wapi.

Dada wa Zamu ya Usiku
Naomba niseme mimi ninayefanya kazi humo. Nasukuma viti vya magurudumu kwenye kiwanja kimoja Marekani, sitakitaja, nina watoto wa kulisha. Nacho kina treni ya chini.

Majira ya baridi treni ilisimama karibu saa nzima. Nilikuwa na bibi wa miaka themanini na kitu, Kiingereza hajui, amekumbatia mfuko wake wa dawa kifuani. Tatizo la kwanza halikuwa treni. Lilikuwa ngazi za umeme. Ngazi hazijui kwamba treni imesimama, zinaendelea kushusha watu, kila sekunde wengine, na jukwaa limejaa mpaka ukutani. Kipaza sauti kinarudia tangazo lile lile: tafadhali subirini. Niligeuza kiti nikaweka mgongo wangu kwa watu, magurudumu nimeyafunga breki, nikashika ukuta. Mfanyakazi wa kuzizima zile ngazi alikuja baadaye sana.

Kwa hiyo mwanzisha mada, nakuunga mkono nusu. Njia ya miguu ingekuwepo, wale vijana wenye vibegi vya mgongoni wangeondoka wote, tukabaki sisi tunaohitaji nafasi. Lakini usiseme treni ni anasa. Kuna wazee wanaokataa kiti kwa sababu ya heshima yao. Hao ukiwaambia watembee kilomita nzima, ndege itaondoka. Treni ndiyo inayowatunzia heshima. Na "haina dereva" isigeuzwe kuwa "haina mtu". Wekeni mtu jukwaani, mwenye ufunguo wa ngazi.

FundiReli
Hilo la ngazi sikulifikiria. Nakubali. Linarekebishika kwa waya tu, ngazi zikaunganishwa na mtambo wa treni.

Dada wa Zamu ya Usiku
Kaka, waya na mtu.

Wa Atlanta
Mimi hapa natembea kila nikisafiri, na sababu si afya. Kati ya jengo la mageti T na jengo A, kule chini, wamepanga sanamu za mawe kutoka Zimbabwe, kubwa, nyeusi, zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Watu wa treni wanapita nyuma ya ukuta, hawajui kama zipo. Kutoka jengo moja hadi la pili ni kama mita 300, ukikanyaga mkanda huchoki.

Halafu tarehe 17 Desemba 2017 moto ulizuka kwenye nyaya za umeme chini ya kiwanja, umeme ukakatika kwa muda wa takribani saa 11. Safari zaidi ya elfu moja zilifutwa. Treni ilikufa. Miguu haikufa.

FundiReli
Na taa zilikufa, na mikanda ilikufa. Unawaambia watu watembee gizani?

Wa Atlanta
Simu zina tochi, mkuu.

Mwarabu wa Deira
Tusiiangalie Marekani peke yake. Dubai, Terminali 3 wana treni inayowapeleka abiria mageti ya A tangu 2013, tena safi sana. Lakini Terminali 2 iko ng'ambo, upande wa pili wa njia za kurukia, na anayeunganisha ndege kutoka pale anapanda basi. Kiwanja kimoja, watu wa aina mbili. Swali langu ni hilo: treni inajengwa kwa ajili ya nani kwanza?

Mkazi wa Kipawa
Naomba dakika moja tu. Dar, Terminali 3 ilipofunguliwa Agosti 2019, ndege za nje zilihamia huko na za ndani zikabaki Terminali 2. Tayari nimesikia mtu anataka "treni ya Dubai" kati ya majengo hayo. Ndugu zangu, paa la bati juu ya njia ya miguu, taa, na kibao kinachosomeka. Tukishafikia hapo, tuongee treni. Nisamehewe kuingilia.

Mwanzisha mada
Nimewasoma wote. Dada amenibadilisha kitu kimoja: nilikuwa naitazama njia ya miguu kama haki ya anayetembea. Kumbe inamsaidia zaidi asiyeweza kutembea, kwa sababu inampunguzia watu jukwaani. Shemeji sikumweleza hivyo.

Hoja ya FundiReli ya gharama haijanitoka, ila aitazame na upande wa pili. Njia ya miguu ukiichimba pamoja na handaki la treni, unalipa upana tu. Ukiikumbuka baada ya miaka 30, juu yake kuna ndege zinatembea usiku na mchana. Denver sasa wakitaka njia nyingine, wachimbe chini ya kiwanja kinachofanya kazi au wajenge daraja refu la kupita juu ya ndege. Hiyo ndiyo bei ya kuokoa mwanzo.

FundiReli
Au waongeze magari na njia ya tatu ya treni. Sijashindwa bado.

Shemeji Mtajwa
Nimetumiwa linki, naona nimeitwa hapa. Nimesoma mpaka mwisho. La dada nimelielewa, mzee wa trekta naye kanichoma kidogo.

Lakini mimi sitembei. Na lile bando lililoisha lilikuwa langu, yeye ali-bipu tu nikapiga.