Mrejesho: mdogo wangu na ile nyumba ya watu sita

Wadau, niliuliza kama nimhamishe mdogo wangu mwenye ulemavu wa akili. Anaishi kwenye nyumba ya matunzo ya watu sita hapa Uingereza; alikuwa anakonda, na kila nikienda nakuta mhudumu mgeni. Nilidhani udogo wa nyumba ungetosha kumfanya atunzwe vizuri. Wapi!

Nilisoma ripoti ya CQC, wakaguzi wa huduma za afya na matunzo, kama mlivyoshauri. Alama ni "nzuri", ila ukaguzi wenyewe wa miaka mingi nyuma. Nikaandika malalamiko kwa meneja, na CQC nikawaarifu. Hao hawasuluhishi lalamiko la mtu mmoja mmoja, taarifa zinawasaidia kwenye ukaguzi tu.

Kilichosaidia hasa ni jambo nililokuwa silijui: watu kama yeye, kuanzia miaka 14, wanastahili kupimwa afya kila mwaka kwa daktari wao. Hakuwahi kupelekwa! Nikampeleka mwenyewe, daktari akamchungulia kinywa, kumbe jino limeoza. Hawezi kusema linauma, anasukuma sahani. Na wahudumu wanaandika "amekataa chakula", siku baada ya siku.

Sijamhamisha. Amepangiwa wahudumu wawili wa kudumu, na Jumapili alinimalizia ugali wote.